Kiti cha Pili cha Mama Mkwe

11 Februari

Mwanangu Msumari,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa. Simu ninayo, ila sikio langu la kushoto, baada ya miaka arobaini ya kukaa karibu na injini, siku hizi huchagua maneno ya kusikia, na hili ninalokuambia sitaki lichaguliwe. Kwa hiyo vaa miwani yako usome.

Mimi mzima, goti tu linanisumbua nikipanda ngazi za dukani. Duka la saa bado linanilisha, ingawa wanaokuja sasa ni wazee wenye saa za baba zao na vijana wanaotaka kubadilishiwa mkanda. Fundi cherehani wa jirani amehama, na chumba chake amepanga kinyozi mwenye redio kubwa kuliko duka lenyewe. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa, maana kila asubuhi huja kuniuliza nimeamkaje na husubiri jibu. Mama yako hajambo? Mwambie wifi yake anamsalimu, na kitambaa alichoniahidi bado nakisubiri, mwaka wa tatu huu.

Sasa jambo lenyewe. Nimekwenda kupimwa kwa daktari wa marubani. Aliniwekea herufi ukutani nikazisoma zote bila kukosea, kwa sababu nilikuwa nimezikariri nikiwa kwenye foleni. Akacheka, akaleta ubao mwingine. Mwisho wa maneno ni kwamba nimeruhusiwa kurusha ndege mchana mweupe, hali ya hewa ikiwa nzuri, mpaka tarehe thelathini Septemba. Baada ya hapo leseni yangu imekwisha na hataisaini tena.

Kwa hiyo Mama Mkwe namuuza. Wanunuzi wapo tayari, daktari wa meno na mkewe, watu wasafi, wamemkagua huku wamevaa glavu. Lakini kabla sijamkabidhi nataka uje upande. Nusu saa tu, mimi na wewe. Kati ya wote tuliokuwa tukija uwanjani Jumapili, ni wewe na mama yako tu ambao hamjawahi kukaa ndani ya ile ndege, na mama yako nilishakata tamaa naye. Usiniambie habari za kuogopa. Mtu anayening'inia ndani ya shimo la lifti ghorofa ya kumi na moja akikaza nati hawezi kunidanganya mimi kuwa anaogopa kwenda juu.

Nijibu kwa barua, tafadhali.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bahasha yako ilifika na duara la kikombe juu ya stempu, nikajua imetoka wapi kabla sijaigeuza.

Huku tu wazima. Mama anasema kitambaa kipo kabatini, na kwamba miguu unayo, ungeweza kukifuata. Mimi mambo ya mawifi siyaingilii. Mke wangu anakusalimu. Kiherehere ametimiza miaka kumi na amekuwa wa nne darasani; anasema nne ni namba nzuri kwa sababu wale watatu wa mbele hawana marafiki. Kazini wametupa jengo jipya la ghorofa kumi na nne lenye lifti tatu, na zote tatu zina tabia mbaya. Wiki iliyopita moja ilikwama na wahasibu sita ndani. Nilipowafungulia nikakuta wamepangana kwa vyeo.

Kuhusu Mama Mkwe, habari hiyo imenigusa kuliko nilivyotarajia. Nilimaliza kusoma nikakaa tu mezani na chakula kikapoa. Nazikumbuka zile Jumapili vizuri sana. Wewe na baba mkiwa juu, mimi na mama tumekaa kwenye nyasi, naye amewapa mgongo makusudi, akisema akiona mnaanguka hataweza kula na asipoona huenda ataweza. Halafu baba anashuka, nywele zimelala upande mmoja, ananuka petroli, ananibeba mabegani hata baada ya mimi kuwa mkubwa kiasi cha miguu yangu kumfika mapajani. Siku hizi nikisikia harufu ya petroli kituoni hushusha kioo cha gari.

Lakini likizo sina kwa sasa. Na mimi na ndege tuliachana mapema, bila ugomvi. Sioni sababu ya kurudiana uzeeni. Kiherehere ndiye atakayefurahi. Waonaje ukimpandisha yeye kwa niaba yangu?

Mwanao,
Msumari


2 Aprili

Msumari,

Marahaba. Kiherehere aje wakati wowote, nitamrusha mpaka achoke yeye au zichoke petroli za mji mzima. Lakini niliyemwalika ni wewe, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Huku kinyozi ameoa. Redio imepunguzwa sauti, na sasa nasikia saa zangu zote ukutani zikihitilafiana dakika. Goti lile lile.

Jana nilikwenda uwanjani kumfuta vumbi Mama Mkwe, nikajikuta nimekaa ndani yake saa nzima bila kuwasha kitu. Hivi ulishawahi kuambiwa tulivyompata? Tulimnunua akiwa vipande. Mtu mmoja alikuwa amemgongesha kwenye uzio akala kiapo hatapanda tena kitu chenye mabawa. Baba yako alikuwa fundi wa kuchomelea na mimi fundi saa, tukaona kati yetu hatushindwi na chuma chochote, kikubwa wala kidogo. Mabawa yalikaa sebuleni kwangu miezi minane na wageni walitundika makoti yao humo. Mama yako, bibi harusi wa wiki mbili, alikuja kunisalimu akaniuliza kwa adabu kabati lile litakamilika lini. Siku tulipomrusha mara ya kwanza alizimika mbele ya wanachama wote wa klabu, katikati ya nyasi, akagoma kuwaka mpaka baba yako alipovua kofia. Ndiyo maana akaitwa Mama Mkwe. Ukimwendea bila heshima anakuaibisha mbele za watu.

Na unakumbuka orodha? Baba yako hakuruka hata siku moja bila orodha kusomwa kwa sauti. Wa kiti cha pili anasoma, rubani anagusa kitu chenyewe na kujibu. Mafuta? Yapo. Mikanda? Imefungwa. Mlango? Umefungwa. Alijibu kama mtu anayeapa mahakamani, kila Jumapili, hata tulipokuwa tumeruka dakika kumi zilizopita. Msomaji nilikuwa mimi, hata baada ya kupata leseni yangu mwenyewe. Kiti cha pili kilikuwa changu, na nilikipenda kuliko kiti kingine chochote duniani, pamoja na kile cha bibi harusi ambacho sikujaliwa kukikalia. Wiki nzima nilikuwa fundi saa asiye na mume, ninayeulizwa na wateja kwa nini. Jumapili nilikuwa juu na kaka yangu na hakuna aliyeniuliza kitu.

Unasema wewe na ndege hamkugombana. Nimeandika hapa chini mistari minne nikaikata. Usiinue karatasi kwenye taa, nimeikata vizuri.

Njoo, mwanangu.

Shangazi


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote. Samahani kwa kuchelewa, lifti hazijatupa nafasi. Mama amepata mafua na anaendelea vizuri.

Naomba tuliache jambo hili, kwa heshima zote. Baba aliniita mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukiwa pale uwanjani mbele ya watu wa klabu, akaniambia, "Twende." Nikasema sitaki. Hakuniita tena, na sikumlaumu. Yamekwisha, na yeye mwenyewe ametangulia, huu mwaka wa nne. Kupanda sasa itakuwa kumfurahisha nani?

Kiherehere namleta likizo ya Septemba kama nilivyoahidi. Mimi nitakaa kwenye nyasi kama zamani.

Msumari


18 Juni

Mwanangu,

Leo nitasalimu kwa ufupi: mimi mzima, natumaini nanyi hamjambo, mama yako amepona mafua. Nimefunga duka mchana ili niandike hili nikiwa na mwanga wa kutosha na bila kisingizio.

Baba yako alikuwa na desturi moja ambayo wewe huenda hukuijua ilikotoka. Hakumwomba mtu kitu mara mbili. Babu yako alikuwa mtu wa kulazimisha. Aliwahi kumlazimisha baba yako kuogelea kwa kumtupa majini, na baba yako aliapa kwamba watoto wake wataulizwa mara moja na jibu lao litaheshimiwa. Mimi nilikijua kiapo hicho. Katika dunia nzima tulikijua watu wawili, yeye na mimi.

Jumapili ile uliposema hutaki, nilifurahi. Sina namna nyingine ya kulisema. Ndege ina viti viwili, na wiki nzima nilikuwa nimekaa roho juu nikijua kwamba ukisema ndiyo, mimi nitarudi kwenye nyasi na wifi yangu.

Jumapili iliyofuata ulikuja peke yako. Ulitembea kutoka nyumbani mpaka uwanjani, umevaa koti la baba yako mikono imekunjwa mara tatu. Mimi nilikuwa nje ya banda, yeye yuko ndani amejikunja chini ya injini. Uliniambia, "Shangazi, leo niko tayari. Mwambie baba." Nilikuambia upepo ni mbaya, hakuna atakayeruka, rudi nyumbani nitamwambia. Upepo ulikuwa mzuri, Msumari. Ulikuwa mzuri kuliko siku yoyote mwezi ule.

Ukaondoka. Yeye akauliza kutoka ndani ni nani. Nikamjibu, "Ni Msumari. Nimemuuliza tena, anasema hataki kabisa."

Ni hayo tu. Sentensi moja. Nilijua itatosha, na ilitosha. Akafuta mikono, tukasoma orodha, tukaruka. Nilikaa kwenye kiti changu miaka ishirini na mitano zaidi, na sitakudanganya kwamba sikufurahia. Nilifurahia, na kila nilipofurahia nilikuona wewe na lile koti. Nilijiambia nitamweleza mwaka ujao, ukiwa mkubwa, utakapokuwa umeoa. Kisha akaugua, na kitandani mtu humwongezei mzigo. Nilipata sababu nzuri kila mwaka.

Sikualiki ili nijitakase. Au labda ndiyo, kidogo. Lakini kiti hicho ni chako, nilikuibia, na baada ya tarehe thelathini Septemba sitakuwa na uwezo wa kukurudishia.

Shangazi yako


30 Julai

Msumari,

Wiki sita sasa. Postamasta ananihakikishia hakuna barua iliyopotea, na nimemuuliza mara nyingi mpaka akiniona natokea anajifanya ana kazi. Sikuombi unisamehe. Nataka tu kujua kwamba umeisoma na kwamba uko mzima.

Mama yako alinipigia simu juzi, akazungumza habari za kitambaa. Sikujua kama anajua. Sikuuliza.

Shangazi


24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Niko mzima. Mama hajui chochote, na kitambaa kweli kipo, nimekiona kwa macho yangu.

Barua yako niliisoma siku ile ile ilipofika, nikiwa nimekaa juu ya paa la lifti, taa ya kichwani imewaka. Nimekaa miezi miwili bila kujibu, na najua umeteseka ukidhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliona aibu, na nilikuacha uteseke kwa sababu nimezoea kukuacha.

Nilijua, shangazi. Nimejua siku zote. Sikurudi nyumbani moja kwa moja siku ile. Nilizunguka nyuma ya banda kufunga kamba ya kiatu, nikasikia kila neno kupitia mabati. Nilimsikia baba akiuliza ni nani. Nilikusikia ukijibu. Halafu nilisikia kitu ambacho hukukiandika, labda hukukisikia. Alisema taratibu, "Basi. Nisimsumbue mtoto."

Kati yangu na yeye palikuwa na bati moja. Ningelipiga kofi tu angetoka. Sikulipiga. Unajua kwa nini? Kwa sababu njia nzima nilikuwa nimejikaza kisabuni, na uliposema upepo mbaya miguu yangu ilipata nguvu kwa furaha. Nilikuwa naogopa kupita kiasi. Ulinisaidia kukimbia, nami nikakubebesha lawama. Nilisimama pale nikisikiliza orodha mpaka mwisho, nikawaona mkiruka, nikarudi nyumbani nimepata mtu wa kumchukia kimoyomoyo miaka ishirini na tisa. Kila nilipokuwa mnyonge mbele ya baba nilikuwa najiambia, shangazi ndiye aliyeharibu.

Na ningeweza kumwambia siku yoyote. Tulikula meza moja miaka yote ile. Wiki yake ya mwisho hospitalini alinisimulia asubuhi moja mlipopita juu ya mawingu, jinsi kivuli cha ndege kilivyokuwa chini yenu kwenye weupe. Alisimulia vizuri mpaka muuguzi akasimama kusikiliza. Kisha akanitazama, akasema, "Ah, lakini mambo haya wewe huyapendi." Nikamjibu, "Ndiyo, baba, siyapendi." Alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Akafa siku ya nne.

Hilo ndilo linaloniuma, na huhusiki nalo. Ulidanganya mara moja. Mimi nilidanganya mara ya mwisho.

Kwa hiyo usiseme umeniibia kiti. Tulikuwa wawili. Siogopi kwenda juu, unalijua hilo. Naogopa kukaa pale alipotaka nikae. Lakini nitakuja. Nimeomba ruhusa kazini wiki ya mwisho ya Septemba, namleta na Kiherehere.

Msumari


3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Barua yako nimeisoma dukani, kinyozi akaja kuuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hapana, kuna wageni. Hapo alipotamka maneno yale ya "nisimsumbue" sikumsikia, kweli sikumsikia, na sijui kama nakushukuru kwa kuniambia au la. Nitajua baadaye.

Nimemwambia daktari wa meno asubiri. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, msile sana asubuhi, na Kiherehere aje na koti. Vitanda nimetandika tayari, ingawa bado wiki tatu.

Kitambaa mje nacho.

Shangazi


5 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Tulifika salama. Mama amefurahi kusikia kitambaa umekipenda, na amefurahi zaidi kusikia ni kifupi kwa nusu mita, kwa sababu alijua. Natumaini daktari wa meno amemchukua Mama Mkwe kwa heshima zake, na kwamba ameonywa kuhusu kofia.

Kiherehere anakusalimu. Ile Jumamosi uliyompandisha alishuka bila kusema neno, jambo ambalo mimi na mama yake hatujawahi kuliona. Alianza tena kuongea saa tatu baadaye, na mpaka leo hajanyamaza. Amewaambia darasa zima kwamba shangazi wa baba yake ni rubani na baba yake ni fundi wa kitu kinachoenda juu bila kuona chochote.

Pale uwanjani hatukuzungumza sana, mimi na wewe, na tulipoagana kwenye kituo cha basi ulikuwa unanishauri habari za dawa ya goti. Kwa hiyo naandika.

Jumapili niliposhika orodha, neno "mafuta" lilinitoka kama nauliza bei. Ulijibu "yapo" ukagusa, kama alivyokuwa akijibu yeye, na ilinibidi nisubiri kidogo kabla ya mstari wa pili. Uliniona, ukajifanya unapangusa kioo. Dakika za mwanzo angani sikutazama nje hata kidogo. Nilitazama skrubu moja karibu na goti langu mpaka nikaridhika kwamba imekazwa vizuri. Ndipo uliponiambia nitazame chini, nikaiona ile njia niliyotembea siku ile nimevaa koti lake. Ni fupi sana, shangazi. Kwa miaka yote hii nilidhani ni ndefu.

Uliniuliza kama nataka kushika usukani nikasema hapana, nawe hukurudia kuuliza. Nilielewa kwa nini, nikasema basi nipe. Nilishika dakika mbili. Mama Mkwe alinivumilia.

Baadaye ukasema ndiyo hivyo, tunarudi, na ukaanza kushuka. Nilijua kwamba ukitua umetua mara ya mwisho maishani mwako. Nyasi zilikuwa zinakuja, namwona Kiherehere anapunga mikono yote miwili. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, kwa sababu ile ilikuwa saa yako. Lakini ikanitoka yenyewe. Nikasema, "Nayapenda, baba."

Hukugeuka wala hukuniuliza nimesema nini. Ila tulikuwa tumebakiza mita chache tu, nawe ukaongeza moto, ukainua pua ya Mama Mkwe, ukatuzungusha tena mzunguko mzima.

Nilitaka ujue kwamba niliona. Ahsante kwa mzunguko ule.

Msumari